Jina Tulilolishona Bila Kulisoma

Siku yangu ya kwanza karakanani, kule Malindi, mtaa wa bandarini, nilijichoma sindano hata sikubaki na kidole kizima. Fundi Mkuu, Haji Makame, akanitupia subana, kile kikofia cha chuma cha kuvaa kidoleni. "Vaa, Bi Asha. Hapa tunashona turubai, si foronya."

Miaka ya hamsini hiyo. Tulishona mahema na bendera, na kila sikukuu ikikaribia karakana ilitengeneza vitu vya kuchezea watoto uwanjani. Kazi yangu ilikuwa kupachika, yaani kushonea umbo la kitambaa juu ya kitambaa kingine. Kwanza unapiga bandi, mishono mirefu ya kushikiza tu, kisha unapinda ukingo kwa mishono midogo. Mkasi aliushika Bi Mwanakheri Vuai wa Mkokotoni, mwanamke wa maneno.

"Mishono yako kama meno ya bibi yangu," akiniambia. "Mmoja huku, mmoja kule."

Mumewe, Ame, alikuwa abiria wa meli Sahala, iliyozama mkondo wa Nungwi. Hakuonekana. Kaburi hana. Hilo Mwanakheri hakulitania.

Mwaka mmoja, kabla ya sikukuu, Karani Yusufu Saidi alituletea kitambaa cha buluu, kakichora herufi za kizungu kwa chaki. Sisi tulisoma chuo cha Kurani, herufi za Kiarabu tulizijua. Hizi kwetu zilikuwa mapambo. Mwanakheri akakata, mimi nikapachika, siku mbili. Hata tukazisifu: ile ya mwanzo kama nyoka, nzuri.

Tulipokipeleka uani, tukakuta meli ya mbao ya kuchezea watoto, ina bomba na madirisha, imekaa juu ya magogo ya mviringo. Kamba ikivutwa, meli inayumba. Karani akakitandaza kitambaa ubavuni, akasoma kwa sauti, kwa furaha: "Sahala!"

Mwanakheri bado alikuwa na mkasi mkononi.

"Umesemaje, Karani?"

"Sahala. Si mmeshona wenyewe?"

Mwanakheri akamgeukia Fundi Mkuu, aliyesimama kando ya meli. "Fundi, mume wangu kaingia humu hakutoka. Leo watoto waingie, wayumbishwe, wacheke?"

"Bi Mwanakheri, ami yangu naye alikuwemo," Fundi akajibu. "Watu wanaitaja ile meli kama jini. Nnataka waione ilivyokuwa nzuri."

"Nzuri kwa nani?"

Mimi nikaanza kufumua. Nshafumua ile ya nyoka, Mwanakheri akanishika mkono. Akapanda melini. Tukamsikia anauliza, "Abiria wa daraja ya chini wakikaa wapi?" Fundi akamwonyesha benchi la nyuma. Akakaa pale hata chai yetu ikapoa. Aliposhuka akasema, "Jina liacheni. Lakini isiyumbe."

Fundi akaifunga ile kamba mwenyewe. Nami nikaishona upya herufi niliyoifumua.

Sikukuu mosi watoto waliingia na nguo zao mpya, wakatoka wamenuna. "Meli gani haiendi!" Mosi hivyo, pili hivyo. Wazee wawili wa Tumbatu walisimama mbele ya lile jina. Mmoja akasoma fatiha, mwenziwe akatema mate akaondoka. Fundi Mkuu aliona yote mawili.

Sikukuu tatu, alasiri, watoto walikuwa wamejaa ndani wakipiga mbao kwa miguu: "Itikiseni! Itikiseni!" Mwanakheri akaenda kwenye kamba. Akaifungua. Akaivuta pole pole, kama mtu anayembembeleza mtoto kitandani, na meli ikayumba, na watoto wakapiga kelele za raha.

Nimefanya kazi pale mpaka macho yalipokataa kuona tundu ya sindano. Fundi Haji keshatangulia, na Mwanakheri pia, Mungu awarehemu. Juzi wajukuu zangu walikuwa wakibishana kuhusu watu wa mbali wanaotaka kuunda upya meli kubwa iliyozama zamani, kila kitu vile vile, hata vikombe. Wakaniuliza: ni adabu hiyo, bibi, au ni ufedhuli?

Nimelala na swali hilo, nimeamka nalo. Siku ile nilikuwa nyuma ya Mwanakheri, hatua tatu tu. Niliona mabega yake yakienda na kamba. Sikuzunguka mbele nikamtazama uso. Ningezunguka, ningewajibu.