Mkono Kifuani

Mwenyekiti wa shirika linalochangia utafiti wa maradhi ya moyo hawezi kusema “mioyo yetu” bila kujishika kifua. Karani wake, anayemwandikia hotuba mwaka wa tisa huu, ameuchoka mkono huo: laini, unanukia marashi, na siku zote hutua upande wa kulia. Barua za watafiti, mwenyekiti huziacha zikila vumbi. Picha za gazeti, hizo huzipanga mwenyewe. Leo alisimama na mjane wa fundi cherehani aliyekata roho ghafla akishona.

“Mama, mkono moyoni,” akamwambia, kisha akaubandua mkono wa mjane kutoka kushoto na kuuhamishia kulia, ufanane na wa kwake.

Mjane akaurudisha kushoto, taratibu.

“Mwanangu, moyo wa mume wangu ulisimamia huku.”