Matofari Yenye Inalala

Pansioni yangu, feza ya uzee wangu, haikukuwako pa banki. Ilikuwa pa parseli yangu, kiwanja cha nyumba, mu Kampemba, ng'ambo ya mulango, matofari ya kuchoma, imepangwa muzuri, majani inaota pembeni. Ukipita mu njia unaiona. Na ile njo ilikuwa kosa yangu, kuiweka fasi yenye kila muntu anaiona.

Miye niko mushonaji. Miaka makumi mbili na kitu nashona iniforme za batoto ba masomo mu Kamalondo, kola, vifungo, mukunjo, kola tena. Bwana yangu alikuwaka fundi wa kuchoma vyuma mu kampani moja ndogo yenye ilitumikiaka ba-mine, benye kuchimba kobalti. Alipokufwa, biro ya pansioni ilianza kunipatia kitu kidogo kila miezi tatu. Kitu! Ukitosha feza ya taxi yenye ilikupeleka kusimama mu mulongo tangu asubui, inabakia sabuni na bunga ya siku kidogo. Halafu yule bwana mwenye kukaa nyuma ya kioo anakuambia: "Mama, shukuru, benye bengine habapate kitu." Nishukuru! Bwana yangu alikatwa feza ile kila mwezi mpaka akakufwa, na miye nishukuru kama bananisaidia tu kwa huruma.

Pa radio banatuambiaka kila siku: wekeni akiba, fikirini uzee. Tuweke wapi? Baba yangu alitumikaka pa reli, akaweka feza yake pa banki mwaka kwa mwaka. Siku alienda kuikamata, feza ya Mobutu ilikuwa imeanguka vile, alirudia nyumbani na mukate moja. Sisemi uongo, mukate moja, na tuliukula wote. Dola nayo tuliijua. Unaificha chini ya matandiko, siku ya kuitosha iko na kapasuko kadogo pa pembe, muchanji wa feza anaiangalia kama umemuletea nyoka. "Hii hapana, mama." Sasa akiba gani? Tofari njo akiba. Tofari haina kapasuko, haijue dola imepanda ao imeshuka, haibebwe mu mufuko wa mwizi.

Basi kila wakati wa kurudi ku masomo, benye kuzaa batoto bakinilipa, nilinunua matofari. Mia moja, mia mbili, mwaka mwengine makumi tano tu. Plani ilikuwa vyumba mbili, kila kimoja na mulango wake, nipate bapangaji. Sababu ni macho. Siku hizi uzi naingiza mu sindano kwa mate na maombi. Najua siku inakuya yenye macho itakataa, na siku ile ni kodi ya vyumba ile mbili itanilisha, ao nitaomba omba. Hakuna njia ya tatu.

Halafu kazi ikakatika mu muji. Kobalti ilisimama, makamio ya kuibeba ikasimama, kampani ndogo zikaambia batu: "Mukae kwanza nyumbani, tutawaita." Habajaitwa mpaka leo. Benye kuzaa bakaanza kuniletea iniforme za mwaka jana, "Mama, utushushie tu mukunjo." Bei ya simenti, yenyewe, haikushuka hata siku moja. Kila mara nilisema ngoja niongeze matofari kwanza, simenti nitanunua mwaka kesho. Nilikuwa mujinga. Macho haina pazia, na macho ya bakwe zaidi.

Mu kipwa ile, wakati wa jua bila mvua, shemeji yangu mukubwa, yaya, kaka wa bwana yangu, akakufwa. Nilienda ku kilio, nikalala chini na bamama, nikapika, nikalia pia, sababu kilio ni kilio. Lakini mujue ni muntu gani tulikuwa tunamulilia. Bwana yangu alipokufwa, kabla hata maua ikauke, yule shemeji alikuya kwangu na karatasi, akaandika vitu vya nyumba moja moja, akabeba kitanda yetu. "Ni ya muloko, mudogo wangu," alisema. Nikalala pa mukeka miezi tisa, miye na binti yangu.

Siku ya kumaliza kilio, famille, bandugu bote, ikakaa pa viti vya plastiki kufanya kikao. Muloko wa marehemu, ule mudogo wa mwisho, akasimama. Akasema yaya hawezi kulala mu udongo kama muntu asiye na bandugu. Tutajenga kaburi ya matofari, na karo, vigae vya kungaa, juu. Simenti na karo tutachanga.

"Na matofari?" muntu moja akauliza.

"Matofari iko."

Nikaona bote bananiangalia. Mama wee!

"Iko wapi, shemeji?" nikauliza, hata kama nilishajua.

"Si yale yenye inalala kwako."

"Yale ni yangu."

Akatabasamu, vile banatabasamuliaka mutoto. "Shemeji, tofari yenye imeingia mu ukuta iko na mwenyewe. Yenye inalala iko ya famille."

Na bazee bakaitika kwa kichwa! Ee, kweli, yenye inalala iko ya famille. Nani aliandika sheria ile? Kama ningekuwa na karatasi ya banki mu sakoshi yangu, kuna muntu mu kikao ile angesema karatasi yenye inalala iko ya famille? Balisema vile sababu ni matofari, na sababu ni miye. Muntu alinilaza chini akiwa muzima, sasa amekufwa nimujengee nyumba! Nilitaka kusema ile neno kwa sauti. Bibi yake, mujane, alikuwa pale, kichwa kimenyolewa, macho imevimba, nikaimeza.

Bakasema kamio itakuya siku ya posho, siku ya sita ya juma. Tulikuwa siku ya kwanza.

Kesho yake asubui nilibeba mashine yangu ya zigizagi ku Kamalondo, ile nzuri, yenye nilikuwa nikiifunika na kitambaa kama mutoto, nikaiuzisha kwa mama mwenye kushona ng'ambo ya njia. Alinilipa kidogo, alijua niko na haraka. Tangu siku ile banabibi ba Karavia, mutaa ya batajiri, benye kuniletea manguo ya ndoa banaenda kwake, na ni haki, mashine iko kwake. Feza ile nilinunua simenti na muchanga, nikaita fundi.

Fundi ni muzee, anajua kazi. Akaangalia, akatikisa kichwa. "Mama, fondasio, musingi wa nyumba, haikimbizwake."

"Baba, posho banakuya kuibeba yote."

Hakuuliza nani. Nafikiri naye iko na bakwe. Alileta batu batatu, bakachimba, bakamwanga, bakaanza kupandisha. Miye nilibeba maji na ndoo mpaka mabega ikawaka moto. Siku ya tano jioni ukuta ilikuwa imefika pa kifua, vyumba mbili, fasi ya milango mbili, na pa parseli hakukubakia hata tofari moja ya kulala.

Posho kamio ikakuya kweli. Banaume sita nyuma, muloko wa marehemu mbele, na pembeni yake mama mukwe, mama ya bwana yangu mwenyewe, muzee sana. Bakashuka. Muloko akaangalia ukuta, akaniangalia.

"Shemeji, umefanya nini?"

"Umesema yenye imeingia mu ukuta iko na mwenyewe. Ona, imeingia."

Akakasirika. Akaenda pa pembe, akasukuma tofari ya juu na mukono, ikatoka, sababu simenti ilikuwa bado mubichi. Akasukuma ya pili. Akaambia bale banaume: "Haitakamata hata saa moja. Bomoeni."

Nikaenda kusimama pa fasi ya mulango. Nilisema vitu mingi pale, vingine haifae kuandikwa. Nilisema: muko ba nguvu, bomoeni, lakini mutanibomolea na miye ndani. Nilisema: wakati tulikuwa tunakosa bukari ya kula, ni nani kati yenu alikuyaka kuuliza kama mufuko wa bunga wenye unalala kwake uko wa famille? Bajirani balishatoka bote. Banaume ba kamio bakaanza kuangalia chini. Ule muloko hakuangalia chini. Kwake, neno ya mwanamuke yenye kusema "ni yangu" ilikuwa upepo tu.

Halafu mama mukwe akakaribia, mukono moja pa ukuta. Akapapasa matofari polepole. Akasema kwa sauti ya chini:

"Mutoto yangu, bwana yako, anamaliza miaka saba mu kilundo cha udongo. Musalaba wake wa muti, muchwa imeshakula mukono moja. Nilikuwa nikiambia batu, bibi yake ni maskini, atatosha wapi matofari. Kumbe ulikuwa nayo."

Kwa muloko nilikuwa na jibu ya kila kitu. Kwake nilisimama tu, nikipangusa vumbi ya simenti ku mikono.

"Mama," nikasema, "ni yeye alinikataza. Pa hopitali, mbele ya kufwa, aliniambia: usinijengee kaburi, jenga nyumba."

"Alisema vile?"

"Alisema, mama."

Akatosha mukono pa ukuta. Kisha akageuka kwa mutoto wake mwenye kubakia. "Twende. Neno ya mufu haivunjwake."

Na muloko, ule mwenye sheria, akatii. Bakapanda kamio bila tofari hata moja. Fundi akarudishia zile mbili zenye zilianguka.

Vyumba leo iko na malata juu, nililipa na garanti, feza ya mbele, ya mupangaji wa kwanza. Nakula. Lakini hasira haijanitoka. Miaka mingi ya kushona, macho yangu, mashine yangu, yote ile pa mizani ya famille haikuwa na kilo hata moja. Neno moja ya mwanaume, tena mwanaume mwenye kuoza, ikashinda.

Na neno yenyewe haikukuwako. Pa hopitali bwana yangu hakusema kaburi, hakusema nyumba. Aliomba maji, akakunywa, akageukia ukuta. Kumuacha mu udongo miaka saba nilichagua miye peke yangu, kila mara nikinunua matofari, nikijua vile ninafanya. Padri sijamuambia. Kama ningesema kweli siku ile, mama mukwe angelia, ukuta ingebomolewa, na miye ningekuwa nimezikwa mbele yao bote.