Karibu, Mgeni

Mashine ya kukamua alizeti ya baba mdogo iko Singida Mjini, na mfumo wake wa kompyuta niliujenga mimi, kuanzia faili la kwanza. Nilikuwa nauita shamba langu. Ujinga mtupu.

Siku moja aliniita ofisini. "Mwanangu, kuna fundi mgeni anakuja kutusaidia. Mfungie mahali pake, asije akachungulia mambo yetu."

Yetu! Neno hilo lilinivimbisha kichwa, nikaanza kazi siku hiyohiyo.

Kwenye mifumo ya aina yetu folda zote huota kwenye mzizi mmoja, unaoandikwa kwa alama ya mkwaju, kile kistari cha mshazari (/). Ukiibadilishia programu mzizi, ukaipa folda moja ndogo na kuiambia kwamba dunia inaanzia hapa, itaamini. Haitaona kilicho juu yake. Nilimwekea mgeni amri chache tu, kama unavyomwekea mtu ndoo na kigoda kwenye chumba cha uani. Mafundi wengi hubadilisha mzizi wakasahau kuihamishia programu ndani. Inabaki imesimama nje ya mlango, na ikirudi nyuma imetoka. Mimi sikusahau. Nilijaribu kutoroka kwa kila njia niliyoijua, nikashindwa, nikafurahi. Mwisho nikaandika salamu ya kumpokea: "Karibu, mgeni. Jisikie nyumbani."

Baba mdogo akaomba nenosiri kuu, eti nikiugua kazi isilale. Nilimpa. Angekuwa mtu baki ningemuuliza maswali, lakini huyu ndiye aliyenilea baba alipofariki, na kwetu huwezi kumhoji mtu unayemwamkia shikamoo.

Jumatatu nilifungua akaunti yangu. Skrini ikaandika: "Karibu, mgeni. Jisikie nyumbani."

Nilidhani nimekosea. Nikaiuliza kompyuta niko wapi, ukaja mkwaju mtupu. Nikaorodhesha mafaili: ndoo na kigoda. Nikarudi nyuma, mkwaju. Nikarudi tena, mkwaju. Jasho langu lote lilikuwa upande wa pili wa ukuta, na ukuta haukuwa na ufa. Nililia kwa hasira, wala sioni aibu kusema.

Baba mdogo akaingia na mkwe wake, yule fundi mgeni.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba. Kile chumba cha mgeni kinafanya kazi?"

"Kinafanya kazi, baba. Hakuna anayetoka."

"Vizuri," akasema, akamvutia mkwe wake kiti changu.