Gari Lililoshiba Likiwa na Njaa

Jina la Kijiko alilipata akiwa na miaka sita, siku alipotoroka na kijiko cha jikoni kwenda karakana ya mama yake kuchotea puti, ile lipu ya kuzibia mabonde kwenye bodi ya gari. Kijiko kiliganda kikawa jiwe, mwenyewe akachapwa kidogo, jina likabaki. Sasa ana miaka kumi na minane, ana leseni mpya ambayo bado hajachoka kuitazama, na hakuna anayemwita jina la kwenye cheti isipokuwa walimu wake, tena wakiwa na hasira.

Mama yake ni fundi wa kunyoosha bodi, mwanamke pekee katika uchochoro wenye karakana nane. Wateja wapya wana tabia ya kumwuliza fundi yuko wapi huku wanamtazama usoni. Zamani alikuwa akiwajibu, siku hizi anawaelekeza kwenye benchi wakae wamsubiri huyo fundi, na anaendelea na kazi mpaka wajue wenyewe. Si mtu wa maneno mengi. Akikasirika hapigi kelele wala hatukani. Anageuza uso na kushika nyundo, na ole wako, maana kelele za nyundo zina mwisho lakini kimya cha yule mama hakina.

Miaka minne iliyopita alimwonyesha binti yake maiti tatu za magari nyuma ya karakana, akamwambia, "Ulisema unataka gari. Hilo hapo, litafute." Kijiko akalitafuta. Pua ilitoka kwenye teksi iliyokumbatia nguzo, mgongo na tanki kwenye pikapu iliyooza sakafu, dashibodi na viti kwenye kigari cha mwalimu kilichoangukiwa na ukuta. Alikata, akachomelea, akakata tena. Paa alilishusha kwa upana wa kiganja, hata mjomba wake akawa anasema ukitaka kupanda humo uvue kwanza kofia na kiburi. Rangi alipiga mwenyewe, ya kiini cha yai. Watu wa mtaa walikiita Kiraka kwa kumcheka. Kilipopita mbele yao siku ya kwanza kikinguruma kama gari kamili, waliosema kwa kejeli wakaanza kusema kwa sifa, na wengine wakadai walijua tangu mwanzo.

Kiraka kilikuwa na kosa moja, na hilo nalo lilikuwa la Kijiko. Boya la ndani ya tanki lilikuwa la pikapu, geji ya mafuta ilikuwa ya mwalimu, na viwili hivyo havikuelewana hata kidogo. Tanki likijaa, mshale unalala kwenye sifuri. Tanki likikauka, mshale unasimama juu kabisa, umeshiba. Mama aliona, akasema, "Ni kosa lako, utalirekebisha siku utakayotaka." Kijiko hakuitaka siku hiyo. Alizoea kusoma kinyume. Tena ndugu wawili waliozoea kuazima magari ya watu walilala porini wakitazama mshale uliojaa, na tangu hapo hakuna aliyekuja kuazima. Kosa lenye faida kama hilo mtu halirekebishi.

Basi Ijumaa moja mchana alikitoa Kiraka bila kuomba ruhusa, aende kuringa kwenye shule aliyomaliza majuzi, mbele ya waliomwambia kwamba karakana si pahali pa msichana. Alikiegesha langoni na ufunguo akauacha ndani, kwa kuwa alikuwa anasalimia tu, dakika mbili. Maringo yakachukua dakika ishirini. Aliporudi alikuta doa la oili na mbuzi analinusa.

Polisi waliandika daftarini, wakasema watapiga simu. Mama alisikiliza habari yote, hatua kwa hatua, mpaka kwenye ufunguo. Akafunga sanduku la vifaa. Akasema, "Jumatatu usije karakana."

Maneno matatu tu. Kijiko angependelea viboko mia. Gari lilimuuma, ndiyo, lakini karakana ndiyo iliyokuwa maisha yake. Wenzake walikuwa na mipango ya vyuo na ofisi, yeye mpango wake wote ulikuwa pale chini ya bati, ubavuni mwa mama yake, na sasa amefukuzwa kwa sauti ya kawaida kabisa, sauti ya mtu anayeagiza misumari.

Hakulia. Alikaa mezani na penseli. Muuza vocha wa karibu na shule alikuwa amekwisha kumwambia kwamba Kiraka kilikata kona kushika barabara ya machimbo, ndani wamo vijana wawili. Tanki lilikuwa limebakiwa na kama lita kumi, kwa hiyo mshale ulikuwa unaonyesha robo tatu. Mwizi yeyote mwenye macho angepita kituo cha kwanza cha mafuta akipiga mluzi, na cha pili vilevile. Kiraka hula lita moja kwa kila kilomita tisa.

"Kilomita tisini," alimwambia mjomba wake jioni ile. "Wako kwenye kilomita ya tisini, au hawajaifikia."

Mjomba, mdogo wake mama, anaendesha gari la mikate, na Jumamosi njia yake ni hiyo hiyo ya machimbo. Ni mtu mwema na mwoga. Anaogopa mbwa, radi, madaraja, na zaidi ya vyote anamwogopa dada yake.

"Mama yako anajua?"

"Hajaniuliza."

"Hilo si jibu, mpwa wangu."

"Mjomba, Jumatatu sina pa kwenda."

Mjomba akajikuna shingo. "Haya. Lakini mikate kwanza. Mwizi akikimbia atakimbia, mkate ukichacha ni mimi nitakayefukuzwa kazi."

Wakaondoka alfajiri. Safari za kufuata wezi nasikia huwa za kasi. Hii ilikwenda kwa kilomita hamsini kwa saa, ikisimama kila penye duka. Kijiko ndiye aliyeshusha trei, akahesabu mikate, akapokea malalamiko kuhusu mikate ya juma lililopita, kisha ndipo akapata nafasi ya kuuliza habari ya gari la njano. Kwenye mteremko mmoja walipitwa na baiskeli iliyobeba mtu na godoro. Kijiko akauma kidole.

Mwenye duka wa kilomita ya arobaini alikiona. Kilipita jana, alisema, kwa madaha, dereva kaweka mkono nje. Wa kilomita ya sabini naye alikiona, mkono bado uko nje.

"Usijali, mama," mjomba alimtuliza. "Siku za mwizi ni arobaini."

"Huyu hana mafuta ya siku arobaini, mjomba. Kanyaga."

Mjomba akakanyaga. Mwendo ukafika hamsini na tano.

Kwenye kilomita ya themanini na sita palikuwa na kituo kidogo cha njiani: maduka saba, ofisi ya polisi yenye chumba kimoja, na karakana ya mabati. Chini ya mabati kilisimama Kiraka, boneti wazi. Kijiko alishuka kabla gari la mikate halijasimama.

Kilichomkuta pale hakukitazamia. Juu ya gunia, vimepangwa mafungu mafungu kama nyanya sokoni, vilikuwapo kabureta yake, pampu yake ya mafuta, plagi zake nne, na mabomba ambayo aliyakunja kwa mikono yake. Fundi mmoja mwenye upara alikuwa amechuchumaa katikati, jasho linamtiririka.

"Umefanya nini?" Kijiko aliuliza.

"Wewe acha tu," fundi alisema bila kuinua kichwa, kwa kuwa aliyechoka humwambia yeyote shida zake. "Jana wamelisukuma hapa vijana wawili. Mafuta yamejaa, ona mwenyewe geji. Cheche ipo. Haliwaki. Pampu nimeifungua mara mbili. Miaka ishirini na mbili nafanya kazi hii, leo nimeanza kufikiri nirudi shamba."

Kijiko akaangua kicheko. Ndicho kicheko cha kwanza tangu Ijumaa, na ndani yake hasira ilikuwamo pia, maana ni uchungu kuona moyo wa gari lako umetandazwa juani na mtu asiye na hatia.

Hapo mlango wa Kiraka ukafunguka. Kijana mwenye viatu vinavyong'aa alikuwa amelala kiti cha mbele. Mwenzake alikwenda mji wa mbele tangu jana kutafuta pampu mpya na hakurudi, na nadhani huyo ndiye aliyejaliwa akili.

"Vipi? Hili gari langu," alisema. "Nimelinunua."

Sasa tazama mambo ya mjomba. Yule mwoga wa radi aliwasha gari la mikate, akalikingamisha mbele ya njia pekee ya kutokea, akazima, akakunja mikono kifuani. Milango akaifunga kwa ndani, akaijaribu mara mbili. Kutoka dirishani akamwomba muuza duka wa karibu amwite afande.

Afande alikuwa mwanamke wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Alilizunguka gari mara moja, akawatazama wawili wanaolidai, akaanza na kijana.

"Niambie kitu kuhusu gari lako."

"Ni la njano."

Watu walikuwa wamekwisha kujaa, wakacheka.

"Hata mimi nimeliona. Kingine."

"Lina mafuta. Karibu limejaa. Shida ni pampu tu, mwulize fundi."

Fundi aliitikia kwa kichwa. Afande akamgeukia Kijiko. "Na wewe, binti?"

"Afande, tanki ni kavu kabisa," Kijiko alisema. "Wakitia mafuta, huo mshale utashuka."

Kicheko cha mara hii kilikuwa kikubwa zaidi, na kilikuwa cha kumcheka yeye. Mzee mmoja alimwonea huruma waziwazi. Afande hakucheka. Alimtuma mtu dumu la lita tano, akaagiza ufunguo uzungushwe kidogo ili geji ipate umeme, kisha akaingiza kichwa dirishani, miwani puani, akautazama mshale. Fundi akamimina. Mafuta yalisikika yakianguka kwenye bati tupu, na wale waliokuwa karibu na tanki ndio walioacha kucheka kwanza.

"Umeshuka," afande alisema.

Fundi aliweka dumu chini, akaja kutazama mwenyewe. Akatazama kwa muda mrefu. Akaenda kukaa juu ya tairi na kushika upara wake kwa mikono miwili.

Kijana mwenye viatu aligeuka aondoke kwa mwendo wa mtu aliyekumbuka miadi, akakutana na ubavu wa gari la mikate. Afande akamshika mkono wala hakuhitaji nguvu. "Njia ya mwongo ni fupi," mjomba alisema kutoka dirishani, na tangu siku hiyo amelirudia neno hilo mbele ya kila mteja wa mikate, kana kwamba yeye ndiye aliyempiga mwizi mweleka.

Kijiko alikunja mikono ya shati. Kwa muda usiofika saa moja alirudisha kila kitu mahali pake, yule fundi akimpa spana kabla hajaomba, wawili hao wakizungumza kwa namba za spana tu, kumi, kumi na mbili, kumi na nne. Alipozungusha ufunguo Kiraka kilikohoa, kikakataa, kikakohoa tena, kikanguruma. Watu wakapiga makofi. Alijisikia mrefu kuliko paa la mabati.

"Ngoja," afande alisema. Mkononi alikuwa na kadi ya gari, ameitoa chini ya kiti. "Hii haina jina lako. Mama yako?"

"Ndiyo, afande."

"Unalijua gari mpaka mifupa, sikatai. Lakini siwezi kukupa mali ya mtu mwingine. Nipe namba yake."

Furaha yote ilimtoka Kijiko, ikamwacha mtupu. Alilitoa gari bila ruhusa, na sasa kaja kulifuata bila ruhusa. Mama akisema nisubirini, Kijiko atarudi kwenye trei za mikate mbele ya watu wote hawa, na Jumatatu itakuwa kama alivyoambiwa, na Jumatatu zote baada ya hapo. Afande alipiga simu, akaweka sauti ya nje. Nyundo ilisikika kwanza, ndipo mama.

Afande alieleza yote, toka mshale mpaka kuwaka. Mama alisikiliza bila kumkatiza, kama kawaida yake.

"Kwa hiyo kadi ni yako, mama?"

"Jina ni langu. Tulipoanza kulijenga alikuwa na miaka kumi na minne, na ofisini hawaandiki mtoto."

"Basi niambie gari ni la nani, nijue nimkabidhi nani."

Nyundo ilikuwa imenyamaza.

"Ni la fundi aliyelitengeneza," mama alisema. "Mimi nilikuwa namshikia tochi tu."

Afande hakuelewa uzito wa neno hilo, lakini kila aliyewahi kushika spana anajua nani hushika tochi katika karakana: ni yule anayejifunza. Fundi mwenye upara alinyanyuka kwenye tairi, akafuta kiganja kwenye suruali, akakinyoosha. "Hongera, fundi," akasema. Kijiko alikishika, na machozi aliyoyabana tangu Ijumaa yakamtoka mbele ya kituo kizima, wala hakuona aibu.

"Yupo hapo?" mama aliuliza. "Mwambie Jumatatu kuna pikapu imebonyea ubavu wote. Mwenyewe anamtaka fundi, nimemwambia yuko safarini, anarudi."