Kiti Kisiwe Chini ya Goti

Kwa majuma sita nilizunguka yadi za magari za Ngong Road nikiwa na mwiko wa ugali mkononi. Mama alikuwa amebadilishwa nyonga, na mtaalamu wa mazoezi alimwonya asiketi kwenye kiti kilicho chini ya goti lake. Mama, ambaye haamini vipimo vya watu wengine, alisimamisha mwiko kando ya mguu wake, akatia alama kwa kalamu, akanikabidhi.

"Kiti kisiwe chini ya hapa," akasema. "Na kisiwe juu sana. Mimi si mbuzi."

Alitaka jambo moja tu: kufika kanisani kwake, mtaa wa Jamhuri, aingie garini mwenyewe na kushuka mwenyewe. Tangu operesheni, madereva wa teksi walikuwa wakimwinua kwa kumshika makwapani, na mzee mmoja wa kanisa alikuwa akija mbio kushika miguu. Alipobebwa hivyo mara ya tatu, aliacha kwenda. Huko, katika kwaya, alikuwa akiimba sauti ya pili. Sasa kila Jumapili aliiimba jikoni, peke yake, na wimbo usio na sauti ya kwanza ni kama kumsikiliza mtu anayejibu simu.

Gari tulilipata siku ya kwanza. Lilikuwa dogo, la rangi ya fedha, na mwiko ulikubaliana na kiti kana kwamba vilitoka kwa seremala mmoja.

"Hii ilikuwa ya mwalimu mzee huko Japani, bosi," muuzaji akaniambia. "Alikuwa anaenda nayo kanisa tu."

"Wajapani wanaenda kanisa gani?" Mama akauliza.

"Hiyo tu ya kwao, shosho."

"Shosho ni nani? Mimi ni bibi yako?"

"Pole. Mum."

Mama aliketi kwanza, kisha akaingiza miguu, mmoja baada ya mwingine. Akatazama mbele, kwenye ukuta wa yadi, kama mtu anayetazama bahari. Alimumunya peremende, akaifunga karatasi yake fundo, kama afanyavyo siku zote, akaichomeka kwenye mfuko wa mlango. Kisha akashuka. Hakuna aliyemgusa.

Hapo ndipo nilipokosea. Mjomba alikuwa amenifundisha kwamba gari ukilipenda, ulitukane. Basi nikayatukana matairi. Nikasema rangi yake inachosha macho. Nikamwambia muuzaji nitafikiria, nikaanza ule mwendo ambao kila mnunuzi wa mji huu anaujua: unaelekea langoni polepole, ukimpa mtu nafasi ya kukuita. Nilikwenda polepole mno. Mama, na nyonga yake mpya, alinipita.

Hakuna aliyeita.

Asubuhi nilirudi. "Hiyo ilienda jana jioni, bosi," muuzaji akasema. "Lakini niko na ingine."

Hiyo nyingine ilikuwa chini kama mkeka. Yakafuata magari ya juu mno. Kule Karen Mama alilitazama gari moja kutoka tairi hadi paa, akauliza ngazi yake inauzwa kando au pamoja. Kilimani tuliingia duka la magari mapya, la vioo vitupu, ambako viti vilikuwa bado vimevikwa plastiki na hakuna aliyeruhusiwa kukalia kabla ya kujaza fomu. Msichana wa mapokezi aliahidi kahawa. Kwenye nafasi ya kazi niliandika: mwandishi wa riwaya. Aliisoma mara mbili. Kahawa haikufika.

Mama hakulalamika. Ila jioni moja nilimkuta amevitoa vitabu vyake vya nyimbo kabatini na kuvifunga kwa kamba, tayari kumpa mtu mwingine.

Juma la sita tuliingia yadi iliyo mbali zaidi, upande wa kuelekea Karen. Kati ya magari mawili makubwa palikuwa na dogo, la rangi ya fedha. Nikasimamisha mwiko. Ukakubali.

"Hii imefika juzi tu kutoka Mombasa," muuzaji wa hapo akasema. "Ilikuwa ya nesi." Akataja bei. Ilizidi ile ya mwalimu kwa laki moja.

Mama alikuwa ameshaketi. Aliingiza mkono kwenye mfuko wa mlango, akatoa karatasi ya peremende, imefungwa fundo.

"Huyu nesi," akasema, "anakula peremende zangu."

Muuzaji aliitazama karatasi. Akamtazama Mama. Akautazama mwiko.

"Mum, wacha nikuambie ukweli. Gari ni ya mtu mmoja. Sisi huku tunaihamisha tu, yadi hadi yadi. Ikikaa sana mahali pamoja watu wanaizoea."

"Tuliambiwa imeuzwa," nikasema.

"Haikuuzwa, bosi. Ilihama."

Nikakohoa. "Haya matairi, kwanza..."

"Wewe," Mama akasema, "usianze."

"Mum, shuka basi tuongee kwa ofisi."

"Nimeshuka magari kumi na moja. Ongeeni hapo hapo, nasikia." Akafunga mlango. Akashusha kioo kidogo. "Na bei ni ile ya mwalimu."

Muuzaji alisogea kando kumpigia simu mwenye gari. Alizungumza muda mrefu, akitupa jicho kila mara kwa mwanamke aliyeketi ndani ya mali ya watu, akiimba sauti ya pili taratibu. Aliporudi alisema sawa, mradi tusiwaambie wale wa yadi ya kwanza.

Jumapili niliegesha karibu na mlango wa kanisa. Yule mzee alituona, akaja mbio, mikono imetangulia. Mama alifungua mlango, akatoa mguu mmoja, kisha wa pili, akasimama. Mikono ya mzee ilikuwa bado hewani.

"Nishikie hiki," Mama akamwambia, akamwekea kitabu cha nyimbo, akatangulia kuingia.