Plasta Bila Sindano

Admin, jina langu lifiche kabisa, maana nusu ya ukoo wa mume wangu wanafuatilia hii peji na ndio ninaotaka kuwasema. Nina miaka 33, ni mwalimu wa shule ya msingi, naishi Segerea na mume wangu na binti yetu wa miaka minne, tumwite Nana. Mume ni karani kiwandani Chang'ombe. Sote ni Wachagga. Naandika nikiwa na hasira, mkikuta maneno makali mnivumilie.

Nana ana pumu. Mwaka jana alipata mafua makali, yale ya homa na mwili kuuma, yakashuka kifuani, tukalazwa. Daktari akatuambia mafua yale yana chanjo, baadhi ya hospitali binafsi wanayo, na mtoto mwenye pumu anaihitaji zaidi. Hakutuahidi miujiza. Alisema anaweza kuugua hata akichanjwa, ila hatari ya kuzidiwa inapungua. Mume wangu alicheka njia nzima. "Mafua nayo yana chanjo? Sie tumekua kwa tangawizi, kamasi zinachuruzika, mbona tupo?" Nilimbana mpaka akakubali.

Siku ya chanjo nilikuwa nasimamia mitihani, akampeleka yeye. Niliporudi nikamkuta Nana ana plasta begani na pamba kwa chini. "Kalia kidogo tu," mume akaniambia. Nikambeba mwanangu, nikamwita shujaa, nikamkaangia chipsi. Wakati wa kumwogesha nililikwepa lile bega nisije nikamuumiza. Nikikumbuka hapo natamani kumpiga mtu.

Juzijuzi mafua yakaingia chekechea kwao. Nana akaanza kukohoa, homa ikapanda, kifua kikawa kinapiga filimbi, tukakimbilia hospitali akawekewa oksijeni. Daktari akauliza kama alipata ile chanjo. Nikajibu kifua mbele, "Ndiyo daktari, baba yake alimpeleka." Mume akawa anaangalia viatu vyake. Kesho yake Nana kapata nafuu, namnywesha uji, akaniambia, "Mama, mie sikuchomwa sindano. Shangazi alinibandika plasta. Alisema nikikwambia utagombana na baba."

Huyo shangazi ni wifi yangu wa Kinyerezi, ndiye anayebaki na Nana nikiwa kazini. Kumbe siku ile mume alipitia kwake, wakashauriana, hospitali hawakwenda. Nilipomuuliza mume akasema alitaka amani ndani ya nyumba. Amani! Mtoto kapumulia mashine, yeye ananiambia amani.

Wifi ndiyo kabisa, hakuona hata haya. Tulipotoka hospitali alikuja na sufuria ya mtori wa mgonjwa. "Mie nimemlinda mtoto wa kaka yangu. Hizo chanjo zinaua uzazi, video zimejaa kwenye simu." Nikamuuliza, wanao wote si uliwapeleka kliniki wakachomwa ya surua, wakadondoshewa ya polio, uzazi wao umekufa? "Hizo ni za zamani wifi, hizi mpya ndo zina ishu." Nilimkabidhi sufuria yake na mtori wake nikamfungulia mlango.

Sasa mama mkwe kaja kutoka Moshi na jani la isale kumwombea wifi msamaha, kaniwekea mkononi mbele ya kikao cha ukoo. Kwa wasiolijua, kwetu hilo ni jani la kuombea msamaha, na ukiletewa hukatai, hata kosa liwe kubwa namna gani. "Mwanangu, pokea yaishe," akasema. Nikamwambia, "Mama, nakuheshimu sana, ila aliyekosa mwenyewe yuko wapi?" Wifi hakuja. Alipiga simu, akasema isale imeshaletwa yameisha, Jumatatu nimrudishe Nana kwake kama kawaida. Nikamuuliza, nikimpeleka kuchanjwa je? "Msimamo wangu uko palepale. Ningekuwepo ningefanya vilevile." Huo ni msamaha au ni amri?

Mume anasema nikilikataa nimemdhalilisha mama yake na mikosi itatuandama. Jani nimeliweka juu ya friji, linanyauka, na kila anayeingia ananitazama mimi kama mkosaji. Mtoto wangu alikosa pumzi, lakini kinachowauma wao ni jani.

Daktari amesema Nana akipona vizuri nimpeleke akachanjwe. Hilo siombi ushauri, nitampeleka mwenyewe na nitasimama pale sindano ikiingia. Kilichonifanya niandike ni cha jana. Nana kaanguka uwani, goti likachubuka, nikamletea plasta. Akalificha goti kwa mikono miwili, akaniuliza, "Mama, hiyo ni ya kweli au ya shangazi?"

Nililia mbele ya mtoto. Nishaurini jamani: nilipokee hilo jani na kumrudisha mwanangu kwa mtu aliyemfundisha kunificha, au nivunje mila, na pengine ndoa pamoja nayo? Nifanye nini?