Sufuria ya Maji Kwenye Mulango

Mimi nilisoma kidogo tu. Baba alisema batoto banaume ndio basome, mimi niende shamba na mama. Kwa hiyo kama naandika mubaya mutanivumilia. Lakini kuongoza bamama, hiyo najua. Kikundi yetu hapa Butembo nilianzisha na bajirani, na mpaka leo baniita mama présidente, hata kama magoti inakataa kupanda mulima ya kanisa.

Kazi ya kikundi ni hii. Mama akifiwa na bwana yake, bandugu ya bwana bakitaka kumunyanganya shamba, tunaenda naye kwenye bureau ya chefu, ofisi ya mutawala ya hapa. Tunakaa pale chini mbele ya mulango mpaka chefu achoke na sisi. Na mama akifa, sisi ndio tunamuosha. Kwetu kwenye kilio banaume banakaa inje kwa viti, kando ya moto. Bamama banakaa ndani, kwa mikeka, pamoja na maiti. Hata mutoto mudogo anajua fasi yake. Sikuwaza hata siku moja kwamba itakuja mutu nitakosa fasi ya kumuweka.

Jirani yangu alikufa mwaka huu, wakati ya kuvuna maharagi. Tulitoka pamoja Luofu tukiwa bado basichana. Alizaa mutoto mumoja tu, na mimi ndiye nilimupokea. Nilipiga kelele kwa baba yake pale inje: "Kijana!" Baba akacheka mpaka akakohoa. Lakini mutoto huyo, tangu ajue kutembea, alikuwa anafunga kikwembe ya mama yake, kitambaa ya kiuno, na kukaa na sisi kwenye kuchambua sombe, majani ya muhogo. Baba alimupiga, ikakuwa bure. Alipokua akaenda Beni, kule Mavivi, akafungua salon ya kusuka nywele. Kule anaishi kama mwanamuke: jina ya mwanamuke, robo, ile nguo ya mwanamuke. Mama yake alimuita "binti yangu" mbele yetu sisi wote, na sisi tulikuwa tunafanya kama hatukusikia.

Mama huyo alichukia maji ya baridi kuliko shetani. Hata jua ikiwaka, bila maji ya moto haogi. Tulikuwa tunamuchekelea: "Wewe, siku moja utaiva kama kiazi!" Akigonjwa, binti yake ndiye alikuwa anapanda barabara kutoka Beni, na anachemusha maji, anamuogesha, anamupaka mafuta. Sisi bajirani tulikuwa tunaleta bugali tu.

Asubui ya kilio yule binti akashuka kwenye moto, pikipiki ya Beni, vumbi ya barabara mpaka kwenye kope. Alifunga kitambaa nyeusi kwenye kichwa.

"Pole, mutoto yangu," nikamuambia.

"Aksanti, koko," akajibu, vile kwetu banaita bibi. "Mumeshamuosha?"

"Bado."

"Basi nimefika muzuri. Nimekuja kumuosha mama."

Nikamuambia angoje. Nikaingia ndani kuongea na bamama.

Ndani mule kulikuwa mama mumoja alikimbia kijiji ya kando ya Beni. Vile banaume ba bunduki balimufanyia, hapana fasi yake hapa. Tangu siku ile hakai kwenye chumba na mwanaume, mulango ikifungwa. Siku aliingia kwenye kikundi, nilimushika mukono nikamuambia: "Kwenye chumba yetu mwanaume hataingia." Ilikuwa neno yangu, na yeye aliiamini.

Akasimama kwenye ukuta. "Mama présidente, unakumbuka uliniambia nini?"

"Nakumbuka."

"Mimi simuchukii, hapana. Alishanisuka hizi nywele bila kuomba kitu. Lakini mulango ikifungwa na yeye ndani, mwili yangu itaanza kutetemeka. Naiambia itulie, haisikie."

Kuna mama mwengine kijana, anafundisha batoto kwenye école primaire na anaendaka kwenye mafundisho ya haki ya bamama. Yeye akasema: "Koko, chefu anatuambiaka nini tukienda kudai shamba? Anasema mwanamuke wa kweli hadai. Yeye ndiye anachagua mwanamuke wa kweli ni nani. Leo ni sisi tunachagua?"

"Chefu alizaa?" Hiyo ilikuwa sauti ya mama anauzaka unga ya muhogo, sauti yake inafika soko ingine. "Damu, mimba, kunyonyesha, ile ndiyo ilitufanya tukuwe bamama. Si robo!"

"Na shangazi yako, hakuzaa. Tumuite nani? Bwana?"

"Wewe mwalimu, acha shangazi yangu na amani yake!"

Bengine bakacheka, pale mbele ya maiti, kisha bakafunika midomo. Mimi sikucheka. Nilikuwa naona kila mutu anasema kweli, na mimi ndiye banangojea. Nikataka kuwa na akili kuliko wote. Nikatoka inje, nikachukua kiti moja kwa banaume, nikaiweka kwenye mulango, miguu ya mbele ndani, miguu ya nyuma inje.

"Kaa hapa," nikamuambia. "Hauko inje, hauko ndani. Hapana mutu atasema kitu."

Akaangalia kiti, akaniangalia mimi. "Hapa ndiyo fasi yangu, koko?"

"Kaa."

Hakukaa. Alienda kwenye mbabula ya makaa inje, akachemusha maji. Banaume balikuwa banamuangalia, mumoja akatupa neno ya matusi, yeye akaendelea kupepea makaa. Akaleta sufuria mpaka kwenye mulango, mvuke inapanda kwenye uso yake, akaiweka chini pembeni ya kiti. Pale ndipo akakaa.

"Hii ni ya mama. Mimi sitaingia. Mupokee maji tu."

Mama wa unga akaninongoneza kwenye sikio: "Tukipokea, kesho atasema yeye ndiye alimuosha."

Nikasema: "Iache kwanza pale."

Tukamuosha na maji ya bidon, ile dumu ililala inje na baridi ya Butembo. Mikono yangu mwenyewe iliuma. Tulikuwa tumefunga pazia, sufuria ikabaki upande yetu asiione, lakini pazia haifunge masikio. Alisikia maji inamwangika. Akasema kule kwenye mulango, pole pole, kama mutu anaongea na mugonjwa: "Anaogopa baridi." Kisha tena: "Bamama, anaogopa baridi." Mimi nilikuwa nashika mukono ya rafiki yangu, naisugua na sabuni.

Tulipomaliza, bamama bakaanza kuingia na kutoka. Kila mumoja alipita juu ya magoti yake. Yeye anakusanya robo, anasema, "Pardon, mama." Anakusanya tena. "Pardon, mama." Sufuria ilikuwa pale nyuma ya pazia, mvuke imeisha. Jioni, yeye ameshaenda, mutu akaimwanga kwenye migomba. Tulipotoka kaburini binti alipanda moto, akarudi Beni, kwa sababu barabara ile, na banaume ba bunduki, si ya kuchelewa.

Kwetu kilio ikiisha, kikundi inanunua kikwembe, na sisi wenyewe tunaifunga kwenye kiuno ya kila binti ya marehemu. Ni kumuambia: inuka, rudi kwenye kazi, sisi tuko. Bijana habapewe. Kwenye mukutano mwalimu akauliza kama tutamupelekea. Makelele ikaanza. Kama tunamupa kikwembe, kesho atataka kuingia kwenye kikundi. Kama hatumupe, mama yake alikufa bila mutoto. Kwa mwisho yule mama nilimupa neno yangu akasema: "Mumupe. Kikwembe si chumba."

Niliona haya. Yeye ndiye alikuwa na haki ya kuogopa, na ndiye alijua kutenganisha vitu. Neno yangu kwake niliishika, na ile sijuti. Leo pia ningeishika. Pengine kuko mambo mwili ya mwanamuke inapitia, na sisi tuna haki ya mulango yetu. Pengine yule mutoto pia ni mwanamuke, na tulimufanyia kile chefu anatufanyia. Mwalimu anajua kuongea mambo ile, mimi inanishinda. Lakini maji haikuwa mwanaume. Maji ingeingia. Ningeinama tu, niivute.

Mukutano iliisha bila jibu. Nilifunga na maombi mbiombio, na maombi yangu ile ilikuwa ya kukimbia. Nikanunua kikwembe mimi mwenyewe, sikuambia mutu, nikapanda gari ya Beni.

Salon yake ni ya mbao, karibu na uwanja ya ndege. Alikuwa anasuka mama mumoja. Akaniona, hakusimamisha mikono.

"Karibu, koko. Ulisafiri muzuri?"

"Muzuri. Nimekuletea kikwembe ya mama yako."

"Ni kikundi inakutuma?"

Ningeweza kusema ndiyo. "Hapana," nikasema. "Ni mimi."

Akavuta uzi ya nywele, akaikata na meno. Ndege ikapita juu, tukangoja imalize makelele yake.

"Koko, nikuulize kitu kimoja. Ile maji yangu, muliitumia?"

Njia yote kutoka Butembo nilikuwa naogopa aniulize. Nikaona neno ya uongo, tamu, iko tayari kwenye mudomo. Angelala nayo muzuri. Lakini kudanganya mutoto juu ya mama yake, nikaona nitakuwa namwanga maji ile mara ya pili.

"Hapana. Ilipoa pale kwenye mulango. Tulimuosha na ya bidon."

Mikono yake ikasimama kwenye kichwa ya mama yule.

"Kuna nini, dada?" mama akauliza.

"Hapana kitu. Inamisha kichwa."

Akaendelea kusuka. Nilikuwa nimeshika kikwembe, imekunjuka nusu, kwa sababu nilikuja kuifunga. Bila mikono ya mama mwengine kuifunga, ni kitambaa tu, na yeye anajua ile kuliko mimi. Nikasogea karibu. Hakuinuka.

"Weka pale kwenye kiti, koko," akasema. "Aksanti kwa kuniambia kweli."

Nikaikunja tena, nikaiweka.